Nani Hajaitika?

Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele, nami nisipokumbuka hukosa kikao cha Jumatatu. Kikao chetu hufanyika saa tatu asubuhi ya kwao. Miezi ya baridi yao hiyo huwa saa sita mchana ya kwetu. Miezi ya joto lao, saa tano. Nilipomweleza mjomba wangu wa Njinjo jambo hili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama na jua nalo linasogezwa. Njinjo iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, na kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka, tofauti ni kama saa moja tu. Huko saa moja ni jua limeshachomoza, saa kumi na mbili ni jua linazama, na mtu aliyezaliwa humo hana sababu ya kudhani kwamba muda ni kitu cha kuhamishwa.

Sisi ni watu saba. Kazi yetu ni kuhakiki tafsiri za Kiswahili: maelezo ya dawa, fomu za bima, maandishi ya programu za simu. Wawili wako Nairobi, mmoja Kisumu, mmoja Mombasa, mmoja Muscat, mmoja Leeds, na mimi Dar es Salaam. Hatujawahi kukaa chumba kimoja. Tunajuana kwa mabega, kwa kuta za nyuma na kwa sauti zinazojipenyeza: feni ya Mombasa, jogoo wa Kisumu. Kila siku ya kazi, kwa dakika 15, kila mmoja wetu hujibu maswali matatu. Jana ulifanya nini? Leo utafanya nini? Kuna kinachokukwamisha?

Utaratibu huu una wenyewe. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliutangaza mwaka 1995 kwenye mkutano wa watengeneza programu huko Austin, Texas, wakauita skramu, jina lililotoka kwenye mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukumana kugombea mpira. Kikao cha kila siku kilikuwa cha kusimama ili miguu ichoke kabla maneno hayajawa mengi, ndiyo maana wengi hukiita stendapu hadi leo, hata kama kila mtu ameketi kitandani kwake. Mwongozo wao wa mwaka 2010 ulipofanyiwa marekebisho 2020, maswali yale matatu yaliondolewa, kila timu itafute njia yake. Lakini mwaka huohuo korona iliwafungia watu ndani. Zoom iliyokuwa na washiriki milioni 10 wa mikutano kwa siku Desemba 2019 ikafikisha milioni 300 Aprili 2020, na maswali yaliyofutwa kitabuni yakabaki midomoni mwa watu. Kwetu yanaulizwa mpaka sasa. Mimi hufikiria zaidi lile la kushikana mabega. Mabega ndiyo tunayoyaona kwenye skrini, na hayajawahi kugusana.

Aprili 2024 nilikwenda Njinjo. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akilinda mpunga wa mjomba, alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mjini, na mguu wa mjomba ulikuwa umevimba. Niliaga kazini kwamba nitafanyia kazi huko. Ukitoka Dar unashuka Nangurukuru, unaacha barabara kuu ya Lindi na Mtwara, unaingia barabara ya Liwale inayopanda na bonde la mto Matandu. Ilikuwa mvua juu ya mvua. Kabla ya kufika tulikuta lori limezama kwenye tope jeusi mpaka ekseli. Hakuna aliyeulizwa. Tulishuka sote kwenye gari letu, wakaja na watu wa nyumba za karibu na majembe na matawi, na mama mmoja alileta maji ya kunywa. Siku hiyo ndipo nilipolisikia upya neno kukwama. Kwenye kikao nimelitamka mara nyingi, nami huambiwa: sawa, tutaongea baadaye.

Mashamba ya mpunga yako bondeni, mbali na nyumba, na wakati mashuke yanapoanza kuinama mwenye shamba huhamia dunguni. Dungu la mjomba limesimama kwa nguzo nne, urefu wa mtu na nusu, ngazi ya miti mitano, paa la nyasi. Juu kuna mkeka, blanketi, tochi, na sufuria kuukuu lililojazwa udongo ambalo ndilo jiko. Kamba ndefu inashuka hadi katikati ya shamba ambako yamening'inizwa madebe matupu, ukivuta, yanagongana. Pembeni limelazwa kombeo la kufukuzia ndege. Mchana ni ndege na ngedere. Usiku ni nguruwe, na wakati mwingine tembo, kwa kuwa upande wa magharibi ndiko liliko pori lililokuwa Selous, ambalo tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Upande wetu wa mto kulikuwa na madungu sita. Baada ya swala ya isha, dungu la chini kabisa, la mtoni, lilianza kwa sauti ya kuvuta: “Mpoooo?” La pili likajibu: “Tupo!” Kisha la tatu, ambalo ndilo letu. Mjomba aliweka viganja mdomoni akaitika, kisha akanyamaza kichwa kimeinama upande, akisikiliza la nne, la tano, hadi la sita lililo mpakani mwa msitu. La sita lilipojibu ndipo akalala. Usiku wa manane wakaitana tena, na alfajiri kabla ndege hawajaamka.

Nilikaa usiku huo na siku zilizofuata nikilinganisha mwito huo na kikao chetu. Hakuna aliyeulizwa amefukuza nguruwe wangapi, wala jana alifanya nini. Na tatizo halikusubiri zamu ya kuitana: tembo wakipita, aliyewaona alipiga kelele papo hapo, “Wanashuka mtoni!” na moto ukawashwa dungu hadi dungu. Kwa hiyo ule mwito haukuwa wa kubeba habari. Ulikuwa na kazi moja, kujua kama kila mtu yupo, na uzito wake wote ulikuwa kwenye ule muda mfupi baada ya kuita, ambapo mjomba aliinamisha kichwa.

Usiku mmoja wa mwisho wa Aprili la nne halikuitika. Mjomba alirudia. Akamwita mwenye dungu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, baba fulani, mara tatu. Kutoka juu, dungu la tano likauliza: “Nani hajaitika?” Mjomba akajibu: “Huyu wa katikati!” Hapakuwa na mjadala. Tochi mbili ziliwaka juu, moja ikawaka chini, na kwa kuwa mguu wa mjomba ulikataa, wa kushuka nilikuwa mimi. Tulikata shamba kwa shamba, maji magotini, mpunga ukituchanja mikono. Tulimkuta amejikunja kwenye mkeka anatetemeka kwa homa, moto umezimika, debe la maji limepinduka. Wakambeba hadi kwetu, mjomba akampisha blanketi. Asubuhi pikipiki ilimpeleka kupimwa. Ilikuwa malaria. Lakini kilichonishika ni cha alfajiri ya usiku uleule: mtoni walipoita “Mpoooo?” na ikafika zamu ya dungu la nne, likaitika. Ilikuwa sauti ya mke wake. Aliletewa habari, akaja gizani na mtoto mgongoni, akapanda.

Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu. Mvua yake iliikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Sisi bondeni tulipata maji ya kutosha tu kutia hofu. Kazi niliendelea nayo hivyohivyo. Kompyuta niliichaji kwa sola ya jirani, bando nilinunua dukani, na mtandao niliupata kwa kupanda kichuguu kilicho nyuma ya mwembe, nikielekea upande mmoja tu. Kisha Jumapili, Mei 12, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu kwenye maji ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikakosa mtandao au zikabaki nao wa kusuasua. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilisimama juu ya kichuguu saa tano na kikao sikukipata.

Simu ya kawaida ilikuwa inaita. Nasema hili kwa sababu ndilo lililobaki kunisumbua. Namba yangu wanayo. Mtandao uliporudi nilifungua jedwali letu la mahudhurio nikakuta alama tatu nyekundu mbele ya jina langu, na ujumbe mmoja uliotumwa na programu yenyewe kunikumbusha umuhimu wa kuhudhuria. Kimbunga kilikuwa kimetangazwa hadi Ulaya. Sikuwa na hasira na yeyote kati ya wenzangu sita, ni watu wema, na mimi mwenyewe ningefanya kama wao. Wiki ile nilikuja kujua kwamba mwenzetu wa Kisumu alikuwa na mtoto wodini, na siku zote alijibu maswali yake matatu kikamilifu akiwa amekaa ukutani nje ya wodi, na kwenye swali la tatu alisema hakuna kinachomkwamisha. Nami nilikuwepo siku ya kwanza ya siku hizo, kabla mtandao haujakatika. Nilimsikia akisema. Nikasema ahsante, nikangoja zamu yangu.

Mkoa huu wa Lindi unajua aina nyingine ya kuitana asubuhi. Karibu na mji wa Lindi kuna Kikwetu, shamba kubwa la mkonge. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Waliotoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba, na neno hilo limebaki kwenye lugha yetu na uchungu wake. Nyuma zaidi, wakati wa Wajerumani, kwenye mashamba ya pamba ya lazima ya Umatumbi, kaskazini kwa Njinjo, watu walihesabiwa siku zao za kulima huku akida akisimamia. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Majimaji vikaanza. Silinganishi kikao cha dakika 15 na kiboko cha akida. Anayeketi na kompyuta akalipwa mshahara hana haki ya kujiita manamba. Ninachosema ni kwamba kuhesabiwa na kuitwa ni vitu viwili, ijapokuwa vyote huanza kwa jina lako kutajwa asubuhi. Anayekuhesabu, usipokuwepo, anaandika. Anayekuita, usipoitika, anashuka ngazi.

Jirani mmoja wa mjomba, mzee aliyestaafu uaskari wa wanyamapori, alifanya kazi Miguruwe, kituo kilicho mbele kwenye barabara ileile ya Liwale. Alinieleza kuhusu redio ya upepo. Asubuhi kila kituo kilikuwa na dakika zake, na askari zamu alivaa sare kamili kwenda kuongea na chombo kisichomwona. “Miguruwe salama, ova.” Wakati mwingine ilikuwa hiyo tu. Aliniambia asubuhi yenye upepo mkali, sauti ikikatika, hukisikii kituo cha mbali bali unasikia mkwaruzo pale ambapo sauti yake ingekuwa, na huo mkwaruzo nao unahesabika kuwa ni mtu. Kimya kitupu ndicho kilichowanyima raha. Asubuhi ya pili ya kimya, gari lilitoka. Nilimwuliza kama walikuwa wakieleza kazi za jana. Akasema za jana ziliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa linasomwa mwisho wa mwezi.

Wapo walioitana hivi kwa mtandao, tena kwa jina la Kiswahili. Januari 2008, Kenya ikiungua baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, aliyekuwa ameondoka Nairobi kurudi Johannesburg, aliandika kuuliza kama kuna wanaoweza kutengeneza ramani ya yanayotokea. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine, waliotawanyika nchi mbalimbali, walikusanyika mtandaoni, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Mtu aliyeko mahali palipofungwa aliweza kutuma ujumbe mfupi wa simu au kuandika kwenye tovuti, na tukio lake likatokea kwenye ramani. Nimewahi kuitazama kazi ile kama ufundi wa kompyuta. Sasa naiona kama dungu la mtoni linaloita usiku, na nchi nzima inaitika moja moja: hapa kwetu kuna hili.

Kuna wanaodhani dawa ni kuongeza macho. Programu nyingi za kazi humwekea mtu kidoti cha kijani kando ya jina, na kidoti kikiwa kijani basi yupo. Nakikataa kidoti kile kwa moyo wote. Kinaitika kwa niaba yangu bila mimi kuulizwa, nami naweza kuwa nimejikunja kwenye mkeka huku kinang'aa. Mwito wa bondeni unaacha mlango: mtu anajibu “Tupo” na asiseme zaidi, na hakuna anayemchokonoa. Salamu zetu zimejengwa hivyo. Ukimwuliza mjomba hujambo atasema sijambo, yaani sina jambo, hata kama mguu umevimba kama mtungi. Lakini anayemjua haondoki. Anangoja kidogo, anauliza watoto, anauliza mvua, na ndipo linapokuja lile neno dogo: “Sijambo mjomba, ila huu mguu.” Jambo lenyewe hukaa baada ya ila. Dakika 15 kwa watu saba ni dakika mbili na ushei kwa kila mtu, na ndani yake hakuna nafasi ya ila. Yule mama wa Kisumu alitujibu sijambo, na sisi tukaondoka.

Niliporudi Dar mwezi Juni niliomba jambo moja, na nililiomba kwa wenzangu kabla ya wakubwa. Kila mmoja awe na jirani, kama yalivyo madungu. Mimi ni jirani wa Muscat na wa Kisumu. Asipoitika wa Kisumu, wa kushuka ngazi ni mimi: napiga simu ya kawaida, kwa sauti, si ujumbe. Maswali matatu yamebaki kwa kuwa wakubwa wanayataka, nasi tunayaandika mapema ili kikao kisile muda kwa hayo. Muda uliobaki tunaanza kwa kuulizana hali, na anayetaka kusema salama tu anasema salama tu.

Najua upungufu wake. Mjomba alikuwa na uwezo wa kutuma mtu akatembea shamba hadi shamba na tochi, akamgusa mgonjwa paji la uso. Mimi siwezi kutembea hadi Kisumu. Niliwahi kupiga ikaita mpaka ikakata, mara nne, na sikuwa na dungu la tano la kuliuliza, kwa sababu simjui jirani yake wa nyumba, simjui dada yake, sijui hata mtaa. Aliniambia kesho yake kwamba simu ilikuwa imezama kwenye beseni la nguo. Tulicheka sana. Kisha nikamwomba namba ya mtu mwingine wa nyumbani kwake, akanyamaza, akanipa ya shemeji yake, nami nikampa ya mke wangu. Miaka mitatu ya vikao vya kila siku haikuwa imetufikisha hapo.

Na mjomba tuna utaratibu wetu. Salio lake halitoshi kupiga kila siku, kwa hiyo ananibipu. Saa kumi na mbili na nusu simu inaita mara moja inakata. Nami nambipu, inaita mara moja nakata. Akibipu mara mbili maana yake nipigie. Leo alibipu mara mbili. Nikaacha nilichokuwa naandika nikampigia.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Mmeamka salama huko?”

“Salama. Vipi huko, mguu?”

Akasema mguu umepungua. Ufuta umeota vizuri. Nilimwuliza kama kuna tatizo lolote, mbona amebipu mara mbili. Akasema hana tatizo. Ni kwamba jana sikurudisha.